Mimba Iliyohamia Mgongoni

Nilikaa na mimba iliyokwisha kufa kwa siku ishirini na nane. Siku saba za kwanza madaktari walikuwa wanahakikisha. Ishirini na moja zilizofuata zilikuwa zangu mwenyewe, na ndizo zilizonifanya niandike haya. Huenda nawe umetoka chumba cha picha ya tumbo sasa hivi, una karatasi mkononi, na nyumbani watu wanakusubiri uwaambie. Mimi nilipata washauri wengi kupita kiasi, lakini sikupata mtu aliyepitia vidonge vya kuitoa akakaa nami akanieleza ilivyokuwa.

Jina langu Nasra. Nafundisha hisabati skuli ya wasichana hapa Maskati, na nyumba yetu iko Ghubra. Mume wangu Saud ana duka la spea za magari mtaa wa Ghala. Tuna binti mmoja, Hajra, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, na chini, chumba cha karibu na jiko, anakaa mama yake Saud, Bi Thuwaiba, ambaye nami namwita Mama. Sisi tumezaliwa hapa Omani, yeye amezaliwa na kuolewa Unguja, akahama msichana. Ni mama mkwe mwema kuliko ninavyostahili, maana mimi nina mdomo. Nyumba nzima tunajua vituko vyake viwili: chai yake haigusi mtu mwingine, na mgongo wake hauguswi. Haegemei kiti, hulala ubavu na mto nyuma yake, na Hajra alipokuwa mdogo akitaka kubebwa mgongoni alimwambia, "Mgongo wa bibi una wenyewe." Miaka kumi na miwili nikadhani ni maumivu ya uti wa mgongo.

Baada ya Hajra sikushika mimba miaka saba. Niliposhika, nilikuwa na thelathini na nane, na sikumwambia mtu ila Saud na Mama. Wiki ya kumi na moja nilienda kupiga picha kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwisho wa mwaka wa skuli, nimebeba mkoba wa mitihani ya darasa la tisa, nikasahihisha kwenye chumba cha kusubiri huku wanawake wenye matumbo makubwa wakipepewa na kiyoyozi kilichokuwa baridi kama cha duka la nyama. Namba yangu ilikuwa arubaini na tatu. Nilimpa msichana mmoja sufuri katika swali la tatu, na nakumbuka nilifurahi kumkamata kwamba alibahatisha.

Daktari alikuwa mama wa Kisudani, mpole. Mwanzo skrini ilikuwa tunaiangalia sote wawili. Kisha akaigeuza upande wake. Akabonyeza, akapima, akapima tena. Akaniambia kwa Kiarabu kwamba haoni moyo ukipiga, na kwamba kilichomo kina ukubwa wa wiki nane. Labda tumekosea kuhesabu, akasema, turudie baada ya wiki moja. Nikamwambia sikosei kuhesabu, ndiyo kazi yangu. Akanishika mkono, akasema turudie tu.

Baada ya wiki tukarudia. Ukubwa ule ule, na kimya kile kile. Akanieleza njia tatu. Kuna kusubiri mwili wenyewe utoe. Kuna vidonge, vinavyoufanya mfuko wa uzazi ukaze na kutoa. Na kuna kusafishwa, kwa kulazwa usingizi chumba cha upasuaji. Zote ni sawa, akasema, nichague ninayoiweza, ila nisikae muda mrefu bila kuonwa. Nilimwomba siku mbili. Siku ya pili nikapiga simu nikasema nitasubiri, wakanipangia kurudi baada ya wiki. Walielewa kwamba nasubiri itoke. Mimi nilikuwa nasubiri irudi.

Haya sasa, hapa ndipo ninapoona aibu, na nitaieleza hivyo hivyo.

Siku ile ya picha ya pili, nilipotoka hospitali nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Mama, nikakaa chini miguuni pake nikalia mpaka buibui likalowa. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama damu imetoka. Nikamwambia hata tone.

"Basi haikufa," akasema. "Imehamia mgongoni."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utoto, kwa shangazi zangu, kwa majirani. Mimba ikipata mshituko huhama, ikajificha mgongoni, ikalala. Ikitulia hurudi mbele, hata baada ya miezi, na mtoto akazaliwa. Nilikuwa nikilicheka. Siku ile sikulicheka. Nilimwambia Mama kwamba mashine haikuona moyo.

"Mashine yao inatazama mbele, mwanangu," akasema. "Mgongoni haitazami. Nakwambia n'nalolijua. Vidonge hivyo ukivimeza, utakuwa umemtoa kwa mkono wako mwenyewe, na mzigo huo skutakii."

Ndivyo nilivyoingia. Mimi ninayewafokea watoto wa watu kwa kubahatisha, nilipewa jibu bila ya njia nikalikubali, kwa sababu ndilo jibu nililolitaka. Usinicheke. Au nicheke, lakini ujue kwamba ukifika pale utamwamini hata anayekwambia mtoto yuko kisogoni.

Kesho yake akaitwa Bi Mgeni, mkandaji, anayekaa Bustan kwa mwanawe. Mtu mzima mnene, mwenye vidole vyenye nguvu na hadithi zisizokwisha. Alikuja mara tatu kila wiki. Alipasha moto mafuta ya simsim, akaniweka kwenye mkeka, akaniminya kuanzia kiunoni kuja mbele, polepole, kama mtu anayemwita mtoto aliyenuna atoke nyuma ya mlango. Nisiwe mnafiki, ilikuwa raha. Hakuna mtu aliyenigusa kwa upole kiasi kile tangu harusi yangu. Mara nyingi nilisinzia.

Mwili lakini ulikuwa unasema mengine. Kichefuchefu kilikatika. Niliweza tena kula papa na kunywa kahawa. Matiti yaliyokuwa yakiuma hata nikivaa kanga yalilegea. Suruali iliyokuwa hainifungi ikafunga. Kila badiliko nililopeleka kwa Mama lilipata maelezo: ndivyo inavyokuwa ikihama, mbele hupumzika. Wiki moja ikapita, siku ya kurudi hospitali ikafika, sikwenda. Sokoni tende bado zilikuwa khalal, za njano na ngumu. Skuli zikafungwa. Jua la Maskati likawa halitokeki.

 Saud ni mtu wa vitu vya kushikika, breki na gea. Alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu, akarudi na jibu kwamba madaktari waaminifu wakithibitisha kuwa roho haimo, hakuna dhambi katika kukitoa, na kwamba afya yangu mimi ni amana. Akaliweka jibu hilo mezani, mbele yetu wawili. Mama akasema sheikh amejibu alichoulizwa, lakini hakuulizwa habari ya mgongoni. Tangu siku hiyo Saud akawa anakula mchana Ghala na mafundi wa karakana ya jirani. Anarudi ananukia grisi na samaki wa kukaanga, ananiuliza, "Vipi?" Namjibu, "Vivyo hivyo." Nilimchukia kwa kuuliza. Angenyamaza ningemchukia pia.

Dada yangu Asma, anayeishi Uingereza, nilimwambia wiki ya pili. Akanitumia sauti ndefu. Kwao, alisema, mwanamke aliyefikwa na haya hupewa dawa mbili, ya kwanza siku moja na ya pili baadaye. Akaniuliza kama hapa wananipa zote mbili. Nikatazama karatasi yangu: aina moja tu. Basi nikapata sababu mpya ya kutokwenda. Nikajiambia, kumbe hata dawa yenyewe nusu. Mtu asiyetaka kwenda hakosi cha kushika.

Kilichonitoa ni Hajra.

Tulikuwa hatujamwambia kitu, lakini mtoto wa miaka minane ana masikio. Ilikuwa adhuhuri, wiki ya tatu inakwisha, Bi Mgeni amekwishaondoka. Nilikuwa nimelala ubavu kwenye mkeka, nyuma yangu nina mto. Hajra akaja taratibu, akautoa mto, akapiga magoti, nikahisi sikio lake linanigusa mgongoni, juu kidogo ya kiuno. Alikaa vile muda mrefu. Kisha akahamisha sikio upande wa pili.

"Mama," akasema, "mbona hasikiki?"

 Nilimgeukia nikamkumbatia, nikamnukisha mafuta ya simsim nguo nzima. Nilijiona nimeshamfundisha binti yangu kusubiri kitu ambacho hakipo, na akinirithi katika hilo atakuja kusubiri maisha yake yote. Nikachukua simu nikamwandikia Saud maneno mawili: kesho nipeleke.  Alirudi kutoka Ghala saa hiyo hiyo, bado na mikono michafu.

Mama nilimwambia mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Miye sina la kusema tena," akasema. "Usije ukasema hukwambiwa."

Nakwambia, hakuna kisu kilichowahi kunikata namna ile. Nilimjibu kwa ukali pia, nikamwambia hata yeye hajui, anasema tu alichoambiwa.  Asubuhi tulipotoka mlango wake ulikuwa umefungwa.

Hospitali walinipokea bila ya kunigombeza, na hiyo ni rehema ya kwanza ninayoihesabu. Nilikuwa nimejitayarisha kutetewa na Saud na hapakuwa na wa kunishitaki. Daktari yule yule akaniomba tupige picha ya tatu kabla ya chochote. Nikamwambia safari hii asigeuze skrini. Akaniachia nitazame. Kiduara cheusi, na ndani yake kitu kidogo kilichojikunja, hakitikisiki. Nilikitazama mpaka nikatosheka. Nakushauri na wewe uombe kutazama ukiweza. Nusu ya mashaka yangu yalibaki pale kitandani.

Kwenye wadi alikuwepo nesi mmoja, Rahma, na alipomsikia Saud ananiambia jambo kwa Kiswahili akacheka, akasema, "Karibuni, kumbe wa kwetu." Wazee wake nao wametoka Unguja. Yeye ndiye aliyenieleza kila kitu, na nitakupa kama alivyonipa, maana ndicho nilichokikosa.

Nilimuuliza kwanza habari ya dawa moja na dawa mbili. Sikumzungusha. Nikamwambia dada yangu kasema kwao ni mbili, je, sisi tunapewa nusu?

"Si nusu, dada," akasema. "Hiyo ya kwanza sisi hatunayo. Hii ya pili ndiyo inayofanya kazi ya kukaza na kutoa, na peke yake inatosha kwa wengi. Ila sikufichi. Ikiwa peke yake huenda ikakawia, ikataka dozi zaidi ya moja. Na wapo wachache haiwamalizii, wakasafishwa. Ukiijua mapema, haitokuvunja."

Kisha akaniambia nitakayoyaona. Maumivu kama ya siku zangu, kisha zaidi ya hapo. Damu nyingi, na mabonge. Baridi itakayonitetemesha, na joto la mwili kupanda kidogo, na tumbo kuharisha, na hayo ni ya dawa, yatapita siku hiyo hiyo. Akaniambia pia ya kuogopa, siku nitakaporudi nyumbani: nikilowesha pedi mbili kubwa kwa saa moja, saa mbili mfululizo, nisisubiri mtu, nije. Nikipata homa isiyoshuka siku inayofuata, au harufu mbaya, au maumivu yasiyosikia dawa, nije. Akanitaka nimrudishie yote kwa mdomo wangu mwenyewe, kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu. Mimi na Saud tukatia saini.

Saa mbili asubuhi nikapewa dawa ya maumivu kwanza, kisha vidonge. Vidogo, vyeupe, vina pembe sita. Nilivihesabu pembe, sijui kwa nini, nafikiri nilitaka kuwa na kitu ninachokijua. Vya kuweka chini ya ulimi, viyeyuke vyenyewe. Rahma alivimimina kwenye kiganja changu, akasimama kando. Maneno ya Mama yakanijia yote, mkono wako mwenyewe, na kweli ulikuwa mkono wangu mwenyewe, ukiwa wazi. Nililia kabla sijaviweka. Nikasema moyoni, mwanangu, umekwenda wewe, mimi ndiye niliyebaki. Nikaviweka. Vilikuwa na ladha ya chaki. Miaka kumi na tano nimekula vumbi la chaki ubaoni, nikajikuta karibu nicheke.

Dozi ya kwanza ilileta baridi tu. Meno yaligongana, katika mji ambao nje mtu anaweza kukaanga yai juu ya gari. Saud akanifunika mablanketi matatu na bado alikuwa ananisugua miguu. Saa tano nikapewa ya pili. Maumivu yakaanza, ya mbali, yakija na kuondoka. Damu kidogo. Nikaanza kuogopa kwamba mimi ni katika wale wachache. Nilimwambia Rahma haifanyi kazi. Akasema ipe muda wake.

Baada ya adhuhuri mlango ukafunguliwa, akaingia Mama.

Alikuja na teksi, peke yake, mtu ambaye hata dukani hawendi bila ya Saud. Mkono mmoja themosi, mkono mwingine mfuko wa kanga. Hakunisalimia wala hakunitazama usoni. Akavuta kiti, akakaa wima pembeni mwa kitanda, bila ya kuegemea, akafungua themosi. Uji wa pilipili manga, na tangawizi, na kungumanga, ule anaopewa mzazi.

"Anayetokwa na damu hunywa uji," akasema. "Mengine tutazungumza."

Nilikunywa vijiko viwili vitatu. Saa nane ikaja dozi ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonikamata. Sikudanganyi, iliuma. Iliuma karibu na uzazi wa Hajra, ila huku hakuna anayekwambia sukuma. Nilishika upande wa kitanda, kisha nikashika mkono wa Mama, na yeye akanishika kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Alikuwa akinisomea kwa sauti ndogo. Kabla ya alasiri nikasema nataka choo. Rahma akaniwekea beseni, akaniinamisha, na ikatoka. Nilihisi inapotoka. Hapo hapo maumivu yakapungua nusu, yakanipa nafasi ya kuvuta pumzi.

Rahma akauliza kama tunataka kuona, akasema si lazima. Nikasema nitaona. Palikuwa na damu, na mabonge, na katikati kifuko kidogo cheupe, chepesi, hakijazi kiganja. Nilikiaga. Mama naye alikuwa amesimama nyuma yangu, akainama, akatazama kwa muda mrefu kuliko mimi.

"Imetokea mbele," akasema polepole.

Rahma alidhani anauliza, akamjibu kwamba ndiyo, hapana pengine pa kutokea. Mama akakaa kwenye kiti.  Alinilisha uji wote uliobaki, kijiko kwa kijiko.

Nyumbani aliniuguza. Siku saba alinipikia, akanipashia maji, akanifunga tumbo kwa kanga. Bi Mgeni alipopiga simu aliambiwa asije. Damu iliendelea siku kumi na mbili, mwanzo nyingi kisha ya kahawia. Siku ya nne lilitoka bonge kubwa nikaogopa, nikapiga simu wadini, nikahesabu pedi kama nilivyofundishwa, haikufika kiwango cha kurudi. Siku ya sita matiti yalitoa maziwa, matone mawili matatu. Hilo hakuna aliyenionya, kwa hiyo nakuonya mimi: linaweza kutokea, na litakuliza. Saud aliacha kula Ghala. Hajra tulimwambia kweli, kwamba alikuwepo mdogo, akafa akiwa bado hajakamilika, na hakuhamia mgongoni wala popote. Aliuliza kama ilimuuma. Nikamwambia hapana, na hilo ninaliamini.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku ya picha ya mwisho, ya kuona kama pamesafika. Tende zilikuwa zimeshakuwa rutab, laini na tamu, Saud kaleta sinia zima. Nilipokuwa navaa, Mama akatoka chumbani na buibui lake kichwani, akasema anakuja. Nilimwambia kuna joto. Akasema analijua joto.

Palikuwa pamesafika. Dawa moja, dozi tatu, na sikuhitaji kusafishwa. Nikashukuru pale pale. Rahma alikuwa anatuandikia karatasi, na mimi nimeshasimama kuondoka, lakini Mama hakusimama.

"Mwanangu, nkuulize," akamwambia Rahma. "Mimba ya miezi mitatu. Mtu yuko safarini, anahama na mumewe. Ikatoka damu siku nne, na mabonge, na maumivu ya kiuno. Kisha ikakata. Mkandaji akamwambia imehamia mgongoni, mtoto atarudi, aulinde mgongo. Huyo mtoto yuko wapi?"

Rahma aliacha kuandika. Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa simtazami yeye. Nilikuwa namtazama mama mkwe wangu, alivyokaa wima kwenye kiti cha hospitali, shibri nzima kutoka pale pa kuegemea.

"Sikuwepo, Bibi," Rahma akasema, "siwezi kuapa. Lakini siku nne, na mabonge, na maumivu hayo, huyo alitoka siku zile zile. Mgongoni hapana nafasi ya mtoto. Hakubaki."

"Alitoka."

"Alitoka, Bibi. Na hapana alichokosa kufanyiwa. Mimba hizi hutoka zenyewe, hazimtazami mtu."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali bei. "Nami namlinda miaka hamsini," akasema.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikaweka kichwa mapajani pake, kama nilivyofanya siku ile ya kwanza, na safari hii yeye ndiye aliyelia. Baada yake alizaa watoto watatu, Saud mmoja wao. Aliwalea wote, akazeeka, akawa bibi, na wakati wote huo alikuwa akilala ubavu ili asimbane yule wa kwanza. Nilikumbuka nilivyomwambia kwamba hajui, anasema tu alichoambiwa. Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya Rahma. Akanipangusa uso kwa ncha ya buibui lake.

Garini Saud alimwona macho yalivyovimba, akamgeuzia kiyoyozi. Tulipofika nyumbani ilikuwa bado adhuhuri, barabara nyeupe kwa jua. Nikaenda jikoni kumtilia maji. Niliporudi na gilasi, mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Buibui lilikuwa limetundikwa, na mto uliokuwa ukikaa nyuma yake aliuweka juu ya kabati. Mama alikuwa amelala kitandani chali, mikono pembeni, macho yamefumba, mgongo wake wote umetua juu ya godoro.

Nikaweka maji chini bila ya kutoa sauti, nikamrudishia mlango.